Vidoti vya Ng'ambo ya Mto

Editha mwanangu,

Salamu sikutumii, maana uko hapo Mfaranyaki tu kwa shangazi yako, umekwenda kuaga na mama yako, na kabla ya chai ya jioni mtakuwa mmerudi na kuku ambaye hatutajua tumfanyeje. Nyumba imebaki na mimi, redio, na mabegi yako mawili mlangoni. Nimeona niutumie muda huu kuandika, kwa sababu uso kwa uso najijua: nitaanza vizuri, halafu nitatia utani, na mwisho utani ndio utakuwa mazungumzo.

Barua hii nitakukabidhi kesho, mahali ambapo hutaweza kunirudia na maswali. Mama yako anadhani napanda basi na wewe kwa sababu uzee umenilegeza moyo. Mwache adhani hivyo kwanza.

Mambo ya blanketi, ya vyakula vya njiani na ya kutosahau kanisa umeshaambiwa na wenye kazi hiyo. Mimi nina neno moja tu, nalo linahusu yale madaftari yangu.

Unakumbuka siku uliyoyapata. Ulikuwa likizo, mvua inanyesha, umetumwa kutafuta turubai kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chetu. Ukatoka na kaunta buku nne zinazonuka panya. Nilikuwa sijaziona tangu tuhamie hapa Msamala. Ni za wakati nilipokuwa Bwana Maendeleo upande wa Madaba, mwaka ule uliotangulia kuzaliwa kwako, nilipopewa kazi ya kuwahamisha watu kutoka mafiga matatu kwenda majiko banifu ya udongo. Kila kaya niliyoitembelea niliiandika: wanapikia nini, jiko wamelipokea au bado, habari zake walizisikia kwa nani, jirani yao wa karibu ni nani, naye ameamuaje. Misimu miwili ya kuandika.

Ulikaa nazo sakafuni hadi chakula cha mchana kikapoa. Kisha ukaja kuniuliza swali kuhusu kazi yangu. Sijui kama unajua, lakini lilikuwa la kwanza tangu uzaliwe. Watoto hawaulizi baba zao walikuwa wakifanya nini huko kazini, wanajua tu kwamba baba ametoka na baba amerudi. Nilifurahi kuliko ilivyonipasa, na hilo nalo liweke kwenye hesabu ya makosa yangu.

Baadaye ulituwekea kompyuta mezani, sahani zikiwa zimeondolewa, ukatuonyesha kazi yako. Palikuwa na vidoti vyeusi vingi. Ukasema kila kidoti ni kaya moja, na hakuna mkuu anayeviamrisha. Kila kidoti kimepewa kanuni zake chache: tazama majirani zako, pima ulivyochoka moshi, pima umbali wa kutafuta kuni au gesi, halafu amua kubaki au kuhama. Kikibaki na kuni au mkaa ni cheusi, kikihama kinakuwa cha bluu. Unabonyeza, siku zinakimbia, kila kidoti kinaamua mambo yake, na kutokana na maamuzi hayo madogo unaona nchi nzima inahama, au inakwama. Ukasema hivyo vidoti huitwa mawakala. Mama yako akauliza hao mawakala wanakaa mtaa gani, nawe ukacheka hadi ukakohoa.

Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa nimeelewa, na kuelewa kulinishtua. Miaka yote ya kazi nilidhani watu hubadilika kama maji ya bomba: wakubwa wanafungua, wananchi wanakinga ndoo. Kumbe mwanangu ananiambia bomba halipo. Kuna nyumba moja inayochungulia nyumba ya pili, basi. Nilijisikia kama mtu aliyelima shamba miaka thelathini ndipo akaambiwa mpaka wake uko wapi.

Mama yako alikuwa na swali jingine. Aliutazama ule weusi na ile bluu, akauliza, "Sasa mimi niko rangi gani?"

Unajua jikoni kwake. Mtungi wa gesi ni wa chai ya asubuhi na wa wageni. Maharage ni ya jiko la mkaa. Na nyuma ya nyumba yapo mafiga matatu ya siku za shughuli, ambayo hakuna aliyewahi kuyaita ushamba mbele yake akapona. Ukamwambia lazima achague moja, kompyuta haijui katikati.

"Basi hiyo kompyuta haijawahi kupika maharage," akasema, akaenda kulala.

Sote tulicheka. Lakini ninavyoandika hapa naona kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuambia ukweli jioni ile. Mimi niliyekuwa na ukweli mkubwa zaidi nilikaa nao kimya.

Ulihitaji kujua, hapa kwetu, mtu humfuata jirani kwa nguvu kiasi gani. Ukasema vitabu vina majibu ya nchi za watu, ya kwetu hayamo, ila madaftari ya baba yanayo. Nikakuuliza kama jiko la udongo la zamani linaweza kusema lolote kuhusu gesi ya leo. Ukanijibu kwamba aina ya jiko si hoja, hoja ni namna mtu anavyomfuata mtu. Mwalimu wako akayaita madaftari yale kumbukumbu adimu. Kwa kazi ile ukapata hiyo nafasi ya masomo chuoni unayoiendea. Barua yao niliisoma nikiwa nimesimama nyuma ya bega lako, na sehemu waliyoyataja madaftari niliisoma mara mbili.

Wiki iliyopita ukaniita nione matokeo. Ulikuwa umekichora kile kijiji changu cha zamani, mto umepita katikati. Upande wa huku, upande wa barabara, vidoti vilikuwa vinasumbua: hiki kinahama, kinarudi, hiki hakitaki kabisa. Ng'ambo ilikuwa habari nyingine. Kidoti kimoja kikageuka bluu, jirani yake akageuka, na jirani wa huyo jirani, hadi pakawa bluu tupu.

"Baba, angalia ng'ambo," ukasema. "Wanafuatana kama siafu."

Halafu ukanisomea ulichoandika mwishoni: kwamba wakipatikana watu wachache wanaoheshimika wakabadilika, waliobaki watafuata, na kwamba ushahidi wake ni ng'ambo ya mto. Nikakushika bega, nikasema hongera.

Editha, ng'ambo ya mto sikuvuka. Kurasa zile zote za ng'ambo, majina ya majirani, nani alisikia kwa nani, nani alianza na nani alifuata, nilizitunga nikiwa nimekaa kwenye chumba cha mwalimu mmoja aliyenikaribisha, upande huu wa mto, wa barabara.

Nimeiandika sentensi hiyo, nimeamka, nimezunguka ua, nimerudi. Bado ipo. Acha nikueleze ilivyokuwa, si kwa kujitetea, bali kwa sababu wewe ni mtu wa sababu na utazitaka.

Upande wa barabara nilifanya kazi kweli, kurasa zile ni za kuaminika, pamoja na fujo zake zote. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja aitwaye Skolastika. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye maneno machache, na heshima yake ilitoka mahali pawili. Kwanza, mbegu. Juu ya mafiga yake alitundika mahindi meupe aliyorithi kwa mama yake, yamefungwa maganda kwa maganda, yakikaushwa na moshi mwaka mzima, na msimu ukifika nusu ya kitongoji wanapita kwake kuomba mbegu. Pili, moto wake haukuzimika. Alfajiri wanawake walikuja na gunzi au kigae kuomba kaa la moto. Viberiti vilikuwepo, usidhani nasimulia enzi za mababu. Lakini kuomba moto ndiko kulikokuwa kuamkiana. Ukichukua kaa unauliza mtoto amelalaje, unaambiwa nani ana homa, unakwenda. Siku inakuwa imeanza.

Mimi niliona moshi tu. Nilikuwa nimetoka semina. Tulifundishwa kwamba mfanye mtu mwenye sauti abadilike na wengine watafuata, na mwenye sauti alikuwa ni yeye. Nilikwenda kwake mara nne. Mara ya nne akakubali, nadhani kwa kunionea huruma, maana nilikuwa kijana na viatu vyangu vilikuwa vimeisha. Nikajenga jiko kwa mikono yangu, nje, barazani, maana jikoni palikuwa pembamba. Kisha, ili asirudi nyuma, nikamwomba yale mafiga matatu ayatoe kabisa. Nilimsaidia kuyabeba. Nikaandika kwenye daftari: amehama.

Jiko lilikuwa jema, sitalisingizia. Kuni chache, macho hayawashi. Ukimaliza kupika unalifunga na linazimika. Wanawake wakaja alfajiri na vigae vyao wakakuta majivu baridi. Siku ya kwanza walidhani amesafiri. Siku ya pili walidhani anaumwa. Ya tatu wakaacha kuja, na mama mmoja wa jirani, ambaye walikuwa wakipeana moto tangu wote wameolewa pale, akaanza kupita njia ya nyuma asimsalimie. Kunyimwa moto si jambo la kuulizwa sababu, unaondoka nalo moyoni. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa nahesabu majiko.

Msimu wa kupanda ulipokaribia alikuja ofisini kwangu. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja na benchi. Alinisalimu, akaketi, akafungua kanga, akaniwekea mezani hindi moja la mbegu. Lilikuwa limebunguliwa lote. Nililigusa, unga ukamwagika. Bila moshi wadudu walikuwa wameingia kwenye mbegu zote, zake na za wote waliozitegemea.

"Mimi sina ugomvi na wewe, Bwana Maendeleo," akasema. "Ulikuja ukaniuliza kama nataka jiko. Hukuniuliza moto wangu unafanya kazi gani."

Nikamwambia nitaleta mbegu za kisasa. Akasema haya. Hakulia wala hakulaumu zaidi ya hapo. Aliondoka akaliacha lile hindi mezani, na mimi nilingoja afike mbali ndipo nilipolifagia.

Mwanangu, sijapata kuona aibu kama ile. Laiti angenitukana ningejua pa kuiweka.

Kilichobaki katika kazi yangu kilikuwa ng'ambo. Na ng'ambo, katika nyumba za mwanzo kabisa baada ya mto, ndiko walikoolewa binti zake wawili. Ningevuka, ningeketi barazani kwa mmojawapo, ningefungua daftari langu na kumuuliza kama yuko tayari kubadilika. Nilijaribu kuvuka mara moja. Nilifika kwenye daraja la magogo, nikasimama na baiskeli, nikarudi. Ofisini walipouliza nikasema mto umejaa. Mama yako alikuwa mjamzito, mimba yako, ningeweza hata kusingizia hilo na wangenipa pole. Nikasingizia mto. Mto haukuwa umejaa, watoto walikuwa wanachota maji wakiwa wamesimama ndani yake.

Taarifa ilidaiwa. Nikakaa kwa yule mwalimu siku tatu, nikiwa na orodha ya majina ya wakuu wa kaya niliyopewa na mwenyekiti wa kijiji, nikaijaza ng'ambo yote.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalokuhusu zaidi ya dhambi yenyewe. Mtu akitunga hatungi hivi hivi. Anatunga anachokiamini. Nilipokuwa najaza zile kurasa, mkono wangu ulifuata semina. Nilianza na mtu anayeheshimika, katekista, nikamhamisha. Nikamhamisha jirani yake, nikaandika amesikia kwa katekista. Nikamhamisha wa tatu, amesikia kwa wa pili. Hakuna aliyerudi nyuma, kwa sababu nani atatunga mtu wa kurudi nyuma, kazi ya nini? Hakuna aliyekuwa na majiko mawili. Hakuna mbegu iliyobunguliwa. Nilitunga kijiji ambacho kingenisamehe.

Miaka ikapita, kompyuta yako ikazisoma kurasa zile, ikasema: watu humfuata jirani, tena hufuatana kwa mstari. Imesema kweli, huo ndio mstari niliouandika. Haikugundua watu wa ng'ambo. Imegundua semina ya siku tano na kijana aliyeogopa kuvuka daraja.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda mbali kuliko walivyosema, imefika chuo kikuu.

Na haikukaa bure njiani. Taarifa ile ilisifiwa. Ng'ambo wakaonekana wameshapata, hawakupelekewa kitu tena. Upande wa barabara, ambako niliandika ukweli, nikaongeza neno moja la kwangu kuelezea zile fujo: wagumu. Wananchi ni wagumu kubadilika. Neno hilo likawakaa kwenye majalada, na kila mradi uliokuja ukasoma "wagumu" ukapita. Mimi nikahamishiwa mjini. Kile cheti kilichokuwa ukutani sebuleni, juu ya televisheni, ambacho ulikuwa ukikisoma kwa sauti ulipoanza kujua kusoma, ni cha taarifa ile. Nimekishusha leo mlipotoka. Pamebaki alama nyeupe ya pembe nne ukutani. Mama yako akiuliza nitamwambia, lakini nilitaka wewe uwe wa kwanza.

Nimejiuliza kwa nini sikusema siku ile ulipotoka na madaftari. Jibu si la kupendeza. Ulinitazama kama mtu aliyefanya kazi ya maana, nami nikataka unitazame hivyo hadi chakula cha jioni. Ikawa hadi kesho yake. Ikawa hadi mwalimu wako. Hivyo ndivyo nilivyokwama mimi, kama unataka kanuni ya kidoti kimoja: kila siku kilipima gharama ya kusema na kila siku ilikuwa imepanda.

Juu ya kazi yenyewe sina ujuzi wa kukufundisha, na ningekuwa nao nisingethubutu leo. Nitasema tu nilichokiona kwa macho, uamue kama kina nafasi. Katika modeli yako, mstari unaounganisha kidoti na kidoti uko pale tangu mwanzo hadi mwisho, jirani anabaki jirani. Kwa Skolastika, jiko ndilo lililoukata mstari. Wale waliokuwa wamwone na kumfuata ndio waliokoma kuja, kwa sababu kilichokuwa kikiwaleta ni moto, na moto niliuzima mimi. Alibadilika yeye, na kubadilika kwake kukamtoa kati yao. Sijui kama kompyuta inaweza kufundishwa hilo. Nadhani inaweza, wewe ukiwa mwalimu wake.

Na ile habari ya mama yako ya rangi mbili. Skolastika, nilisikia kabla sijahama, aliyarudisha mafiga yake jikoni na jiko langu akabaki nalo barazani, kwa uji wa wajukuu. Wakaanza kuja tena na vigae. Ningemwandika rangi gani? Niliandika: amerudi nyuma. Leo ndipo naona kwamba katika kijiji kizima alikuwa mtu pekee aliyehama kwa akili zake, akachukua kilichomfaa na kukiacha kisichomfaa, na mimi nikampa alama ya kushindwa.

Unaona ninavyosita kumaliza. Limebaki lile gumu.

Ukifika huko wanakungoja usimame mbele yao na kazi hii. Sitakuambia umweleze mwalimu wako au usimweleze. Ukisema, huenda nafasi ikaingia mashakani, nami ndiye nitakuwa nimeitia. Usiposema, utakaa na kitu ambacho nimekaa nacho umri wako wote, na ninajua uzito wake. Siwezi kukuchagulia, nimepoteza haki hiyo darajani. Ninaloweza ni kukuondolea mzigo wa kutafuta maneno. Nyuma ya karatasi hii ya mwisho nimeandika jina langu kamili, cheo nilichokuwa nacho, na sentensi tatu zinazoeleza kurasa zipi ni za kweli na zipi nimetunga, tangu ipi hadi ipi. Nimetia sahihi. Ukitaka kuwaonyesha, karatasi hiyo inasimama peke yake, haya mengine ni yako.

Ukinikasirikia, nikasirikie. Ukikaa muda bila kupiga simu nitaelewa, ingawa nitakuwa naiangalia hiyo simu. Ninakupenda, Editha, na ninajivunia ile akili yako iliyoweza kutoa kitu kizuri hata kwenye uongo wangu. Naogopa tu usije ukanitazama siku moja kama nilivyokuwa nalitazama lile hindi.

Sasa habari ya kesho. Basi linatoka alfajiri, na kabla chai haijateremka vizuri tumboni tutakuwa Madaba. Utaona nasimama. Utadhani nakwenda kujinyoosha. Nitakupa bahasha hii dirishani, nitamwambia kondakta aendelee, na ndipo utakapokuwa unasoma hapa.

Tiketi yangu inaishia hapo. Jana nilimpigia simu mwenyekiti wa kitongoji, ni kijana, hanijui. Nilimuuliza kama yule mama yupo. Akasema yupo, macho ndiyo yamechoka, lakini asubuhi bado watu wanapita kwake. Nimenunua kaunta buku mpya. Nitaanza kwake. Nitampa shikamoo yake, nitaketi, na kabla ya kuandika chochote nitamuuliza lile swali aliloniambia sikumuuliza. Akinifukuza nitaandika amenifukuza. Kisha nitavuka, kwa binti zake, na nyumba inayofuata, na inayofuata, hadi mwisho wa orodha. Daraja la siku hizi ni la zege, nimeambiwa, kwa hiyo hata mto sina tena wa kuusingizia. Wengi nilioandika majina yao watakuwa wamekufa. Nitawauliza watoto wao. Kuuliza si ujinga, tulifundishwa hivyo shuleni, nami nimechelewa tu somo.

Kwa hiyo nina ombi moja, nalo ni la kazi. Kabla hujafika, fungua kompyuta yako, vitafute vile vidoti vya ng'ambo ya mto, uondoe bluu yote. Usivirudishe vyeusi pia, hatujui. Viache vyeupe. Nitakuwa nakutumia rangi zao kwa simu, nyumba moja moja kadiri ninavyotoka mlangoni, na pale patakapokuwa na rangi mbili nitakuambia ni mbili, nawe utajua cha kufanya.

Sasa geuza shingo, kama basi halijapanda mlima bado. Yule mzee mwenye daftari kwapani, anayevuka barabara, ni mimi.

Baba yako,
Anselimu